Windows mpya, programu za kale: kwa nini hazielewani

Maalim alinipigia simu Jumatano baada ya sala ya Isha. "Mwanangu, ile kompyuta imekula mitihani ya watoto." Mtihani wa madrasa ulikuwa uanze Jumamosi. Nikamuuliza imekulaje. Akasema maswali aliyoandika kwa Kiarabu, kazi yake ya miaka zaidi ya kumi, yamegeuka herufi za Kizungu zisizosomeka. Printa haitoi kitu. Na daftari la ada lililo ndani ya kompyuta halifunguki kabisa. "Na ajabu ni kuwa mashine yenyewe nzima, yawaka upesi kuliko zamani."

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. "Maalim, kuna mtu ameigusa?"

"Fundi aliichukua wiki jana. Alisema Windows yetu imekwisha muda, akatutilia mpya."

Nina stashahada ya kompyuta ya miaka mingi iliyopita, na mtaani petu hiyo yatosha mtu kufanywa tabibu wa kila kitu chenye waya. Basi Alhamisi baada ya Asri nikaenda. Naeleza hapa niliyoyakuta kwa sababu tangu Oktoba 2025 nimeletewa kisa kama hiki na mwenye saiba, na muuza dawa, na karani mmoja wa wakili, na kila mmoja aliamini kuwa kompyuta yake imeharibika au imeingia virusi. Wapi! Kilichotokea ni kuwa mwenyeji amebadilika, na wageni wa zamani hawamwelewi.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo mafundi wengi walipopata kazi. Microsoft ilitoa Windows 10 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuipa masasisho ya kawaida. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Kilichokoma ni vile viraka vya usalama vilivyokuwa vikiingia kila mwezi kuziba matundu. Tundu jipya likigunduliwa leo, kwenye mashine hiyo litabaki wazi. Na si jambo la kutishana tu. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, na kiraka cha tundu ililopitia kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa na Windows za kale ambazo hazikuwa zikipewa viraka tena. Kwa hivyo fundi wa Maalim hakukosea kutaka kubadilisha. Alikosea kutouliza mashine ile yafanya kazi gani.

Sasa, kwa nini kubadilisha Windows kuvunje programu ambayo hakuna aliyeigusa? Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mtu akiagiza gari kutoka Japani, haingii mwenyewe bandarini Kilindini kulitoa. Anampa wakala karatasi zake, na wakala ndiye ajuaye fomu gani yatakiwa na dirisha gani la kuipeleka. Siku fomu zikibadilishwa, wakala aliyekuja na fomu za kale hurudishwa langoni. Gari ni zima, mwenye gari hana kosa, na wakala si mjinga. Taratibu za langoni ndizo zilizobadilika. Ndani ya kompyuta, Windows ndiyo bandari. Programu haigusi diski wala printa kwa mkono wake. Huiomba Windows kwa maneno maalumu, na Windows hupitisha ombi kwa draiva, yaani kijiprogramu kinachojua tabia za kifaa kimoja tu. Microsoft hujitahidi sana kuyakubali maneno ya kale, hilo lazima tuwape. Programu ya mwaka 2003 mara nyingi yafunguka leo bila matata. Lakini kuna maneno waliyoyaacha moja kwa moja, na Maalim alikuwa akiyategemea.

Daftari la ada ndilo lililonitoa jasho la kwanza. Ni programu ya DOS, ile ya skrini ya samawati na maandishi meupe, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 90 na kijana wa mtaa aliyekuwa akisoma kompyuta. Imo kila shilingi iliyolipwa na kila mzazi tangu hapo. Nilipoibonyeza, Windows 11 ikajibu kuwa programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, basi.

Sababu yake ni biti. Ichukulie biti kuwa upana wa kiganja cha kompyuta, kiasi cha namba inachoshika kwa mara moja. Programu za enzi ya DOS nyingi zilikuwa za biti 16, zikaja za 32, na kompyuta za leo ni za 64. Windows hubeba kizazi kimoja nyuma yake. Windows ya biti 32 yaweza kuendesha programu za 16. Windows ya biti 64 yaendesha za 32, lakini za 16 haizitambui kabisa. Windows 10 ilitolewa kwa sura zote mbili, 32 na 64. Windows 11 ni ya 64 peke yake. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na hakuna kubonyeza kokote kutakakoufungua.

Nikamdadisi Maalim, naye akakumbuka. Fundi wa mwanzo, ambaye sasa yuko Uarabuni kikazi, aliweka Windows 10 ya biti 32 ingawa mashine ilikuwa na uwezo wa 64. Maalim hakujua kwa nini. Sasa twajua: alifanya vile kwa ajili ya daftari. Hakuandika popote, akasafiri, na siri ikaenda naye. Fundi wa pili alipoona Windows ya 32, alijua haiwezekani kupanda kutoka 32 hadi 64 juu kwa juu. Ilibidi afute sehemu ya C yote na kuanza upya. Nyaraka za Maalim alizinakili kwanza, hilo alilifanya vizuri. Daftari nalo, alhamdulillahi, lilikuwa sehemu ya D, ambayo hakuigusa.

Aliye na Windows 10 ya biti 64 akipanda kwenda 11 bila kufuta kitu, ana siku 10 za kujuta. Ndani ya siku hizo aweza kurudi nyuma kutoka kwenye mipangilio ya kompyuta, kwa sababu Windows ya zamani huwekwa kando kwenye folda iitwayo Windows.old. Siku zikipita hufutwa. Kwa hivyo ukipanda, usingoje mwisho wa mwezi kujaribu programu ya mishahara. Jaribu kila kitu siku ileile. Maalim hakuwa na siku hizo, maana kwake C ilifutwa.

Nilichofanya ni kuweka DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta ya DOS ndani ya Windows. Skrini ya samawati ikarudi, na Maalim akavuta pumzi. Lakini nikamwambia wazi kuwa DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya zamani, na wenyewe hawaikusudii kazi ya ofisi, kwa hivyo tuitumie kusomea tu. Kilicho muhimu zaidi ni faili zilizokuwa chini yake, zenye mkia wa .dbf. Hii ni aina iliyozoeleka enzi za dBase na Clipper, na LibreOffice, ambayo pia ni ya bure, huzifungua kama jedwali la kawaida. Majina, tarehe na malipo yote yakajipanga. Watu wengi hudhani programu ikifa na data yake imekufa. Mara nyingi data i hai na yasomeka kwa programu nyingine, mradi faili zenyewe hazijafutwa.

Kuhusu printa sikuwa na bahati hiyo. Draiva haina msamaha kama wa programu. Programu ya biti 32 huendeshwa ndani ya Windows ya 64, lakini draiva ya biti 32 haikubaliwi, kwa sababu yenyewe huingia hadi kwenye moyo wa mfumo. Yataka iwe ya 64 na iwe imetiwa sahihi ya kuaminika. Mtengenezaji akiwa ameacha kuishughulikia printa yako miaka mingi iliyopita, hana haja ya kukuandikia draiva mpya; atafurahi ukinunua nyingine. Baadhi ya printa za leza zina akili yao wenyewe, zaelewa lugha ya kuchapia iitwayo PCL, na hizo waweza kuzitafutia draiva ya jumla zikafanya kazi. Za bei nafuu hazina akili hiyo. Kompyuta ndiyo huzichorea ukurasa wote na kuzipelekea nukta tupu. Ya Maalim ni ya namna hii ya pili, na draiva yake ya 64 haipo. Nilihangaika nayo mpaka adhana ya Magharibi, nikaacha.

Tukaja kwenye mitihani, ambayo ndiyo iliyomkosesha Maalim usingizi. Alifungua faili moja ya nahau nikaona mistari mitupu ya alama, nukta mkato na herufi ndogo na kubwa zilizochanganyika. Faili ilikuwa nzima. Kompyuta haihifadhi herufi, yahifadhi namba: herufi A kubwa ni 65. Katika utaratibu wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1991, kila herufi ya kila lugha ina namba yake, na alif ni alif kwenye kompyuta yoyote duniani. Lakini kabla utaratibu huu haujaenea, watu waliotaka kuandika Kiarabu kwenye kompyuta za Kizungu walitumia hila. Walitengeneza fonti iliyochora alif mahali pa herufi moja ya Kilatini, be mahali pa nyingine, na harakati mahali pa alama. Namba iliyohifadhiwa ni ya Kizungu, na jicho laona Kiarabu. Maalim alianza na fonti ya namna hiyo, akaizoea, akaendelea nayo hata baada ya Kiarabu cha Unicode kupatikana kwenye kila Windows. Fundi alipofuta C, fonti ikafutika pamoja na Windows ya zamani, maana fonti hukaa ndani ya folda ya Windows na si pamoja na nyaraka.

Ikikupata hali hii, tafadhali usiichezee faili. Usiteue maandishi yote ukajaribu fonti moja baada ya nyingine kisha ukahifadhi, kwani jina la fonti ya asili limeandikwa ndani ya faili, na ndilo litakalokuongoza. Kwa Maalim jina lilikuwepo. Kuipata fonti yenyewe kulinichukua Ijumaa nzima baada ya sala. Nilizunguka Mji wa Kale mpaka nikaikuta kwa mzee anayetengeneza kadi za harusi. Bado ana mashine ya Windows XP, haijaunganishwa na intaneti, na hamruhusu mtu kuisogelea. Nikanakili fonti kwenye flashi, nikaiweka kwenye kompyuta ya madrasa, na maswali yakarudi kama yalivyokuwa.

Yalirudi, lakini karibu. Fonti ya mzee ilikuwa toleo tofauti kidogo, na katika aya mbili za Qur'ani shadda ilikuwa imehama herufi. Programu haikutoa onyo lolote, maana kwayo ni michoro tu. Aliyegundua ni Maalim, aliyekataa karatasi yoyote ichapishwe kabla hajaisoma mstari kwa mstari kwa sauti. Tulikaa mpaka karibu saa tano usiku. Kisha tukazigeuza karatasi kuwa PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake, na Jumamosi alfajiri zikachapishwa dukani kwa kompyuta ambayo haijawahi kuiona fonti ile, zikatoka sawasawa.

Kuna tatizo linalofanana na hili lakini si lilo. Programu za Kiarabu za zamani za biti 32, kama kamusi na maktaba za hadithi zilizokuja kwa CD, hufunguka vizuri, lakini maandishi huonekana alama za kuuliza au takataka. Hapo fonti haihusiki. Katika mipangilio ya lugha ya Windows, upande wa utawala, kuna mahali pa kuchagua lugha ya programu zisizo za Unicode. Chagua Kiarabu, zima na uwashe kompyuta, na mara nyingi hutengemaa. Madrasa kadhaa zina hazina ya CD hizi kabatini zikidhaniwa zimekufa.

Kwa programu nyingine za kawaida, kabla hujamlipa mtu, jaribu mambo mawili. Bonyeza programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties kisha Compatibility, na uiambie Windows ijifanye ya zamani, kama Windows 7. Programu ikitaka kitu kiitwacho .NET Framework 3.5, kubali kiwekwe. Ni cha Microsoft wenyewe, ila huja kimezimwa. Na ikiwa mlango wa ofisi yako wa intaneti ulihitaji Internet Explorer, kivinjari hicho hakifunguki tena kwenye Windows 11, lakini kivinjari cha Edge kina hali maalumu ya kujifanya Internet Explorer, na Microsoft imeahidi kuiacha angalau hadi 2029.

Limebaki jambo moja ambalo Maalim hakulijua, na lilikuwa hatari kuliko printa na daftari kwa pamoja. Windows 11 ikiwekwa upya, hasa matoleo ya tangu 2024, yaweza kuifunga diski yote kwa ufunguo wa siri bila kukuuliza, na ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuingia mara ya kwanza. Nilipotazama, akaunti ilikuwa ya fundi! Alitumia barua pepe yake ili kazi iende haraka, wala hakuwa na nia mbaya, mafundi wengi hufanya hivyo. Lakini siku mashine ingepata hitilafu na kudai ufunguo, madrasa ingekuwa yamtafuta fundi aliyebadilisha namba ya simu, na bila ufunguo hakuna anayeweza kufungua diski ile, hata Microsoft. Tulifungua akaunti ya madrasa, tukaweka ufunguo mpya na kuuandika kwenye karatasi iliyo ndani ya kasha la fedha. Wewe uliyewekewa Windows 11 hivi karibuni, tazama leo ni jina la nani lililo kwenye akaunti.

Wengi wenu mna zile lapitopu za mtumba kutoka Ulaya, na huenda swali hili haliwahusu kabisa, kwani Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Za kizazi cha 4 hadi cha 7 zimejaa madukani, na fundi aweza kukuwekea 11 kwa mlango wa uani. Itawaka, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama. Mwenye Windows 10 nyumbani aweza kujiandikisha apate viraka hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo akiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe huko. Kwa mwenye programu ya kale anayoitegemea, mwaka huo ni nafasi ya kuitoa data yake taratibu badala ya kuitoa usiku wa kuamkia mtihani.

Mtihani wa madrasa ulianza Jumamosi saa mbili asubuhi. Jumatatu fundi alikuja mwenyewe, Maalim akamkaribisha kahawa, na tukabandika karatasi nyuma ya mashine: Windows gani, biti ngapi, fonti gani, akaunti ya nani, daftari liko wapi. Wasichana wawili wa darasa la juu wanahamisha ada za miaka mitatu ya karibuni kwenye jedwali jipya, na Maalim ameanza kuandika upya maswali kwa kibodi ya Kiarabu cha Unicode, kurasa mbili kila baada ya Alasiri. Printa ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.